Niliweka soketi sakafuni kando ya meza ya jiko kwa sababu ya uzuri, dada yangu akaja na ndoo

Wakuu, hamjambo humu ndani? Wakubwa shikamooni, na wadogo nawaitikia marahaba kabla hamjasema.

Mimi ni mtunzi wa riwaya, kwa hiyo mna haki ya kunitilia shaka kabla sijafika aya ya tatu. Lakini kisa hiki sikukitunga. Ningekitunga, ningejipa nafasi nzuri zaidi ndani yake.

Ni kisa cha soketi. Ile ile ya kuchomekea birika la umeme. Isipokuwa hii haikuwa ukutani, na hapo ndipo mambo yalipoharibikia.

Naishi kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, hapa Malawi. Kwa asili ni mtu wa Bukavu, Kongo. Jumamosi tunakutana watu watano nyuma ya kanisa, kila mmoja na daftari lake, tunasomeana tulichoandika. Katika kundi letu mimi najulikana kwa kupamba. Nikiandika kwamba mtu amefungua dirisha, utapata mwanga, utapata vumbi linalocheza ndani ya mwanga, utapata na mawazo ya vumbi lenyewe. Mtu bado hajafungua dirisha.

Kumbukeni hilo, litawasaidia mbele.

Dada yangu mkubwa, Yaya Nsimire (yaya kwetu ni dada mkubwa), ameolewa na fundi umeme anayeitwa Bahati. Kwetu shemeji tunamwita shemeki. Shemeki Bahati alisomea umeme shule ya ufundi kule Bukavu, na diploma yake ilivuka mipaka ikiwa imekunjwa ndani ya Biblia. Imekunjwa na kukunjuliwa mara nyingi mpaka imepasuka katikati ya jina lake.

Miaka yote hapa kambini ametengeneza redio, taa za sola, na simu zilizotumbukia kwenye mchuzi. Kazi ya kupitisha umeme ukutani na sakafuni, kazi aliyoisomea, hakuwahi kuipata tangu tuje huku.

Halafu akatokea Bambo Gomani, bambo huku ndiyo bwana.

Huyu ni fundi umeme wa Lilongwe, mtu mzima, mwenye leseni. Yeye ndiye anayepima kazi na kuitilia sahihi. Alimkuta Bahati pale Lumbadzi, kando ya barabara, akimtengenezea mtu redio. Akamtazama mikono kwa muda mrefu. Kisha akamwambia hivi (walizungumza Kichewa na Kiingereza, mimi nawaandikia Kiswahili):

"Nina jiko Area 18, Lilongwe. Ulifanye wewe. Ijumaa nitakuja kupima. Likifaulu, nina safu ya nyumba Kanengo, nitakuchukua tuzifanye pamoja. Lisipofaulu, urudi kwenye redio zako na tusilaumiane."

Kwa hiyo wakuu, mjue uzito wa jambo lenyewe. Jiko moja, Ijumaa moja. Upande huu kazi ya kweli, upande ule simu zenye mchuzi.

Mimi nilichukuliwa kwa sababu mbili: nasoma Kiingereza vizuri, na nina mabega ya kubebea ngazi. Sababu ya kwanza ndiyo iliyotuponza. Mabega hayakumkosea mtu.

Mwenye nyumba ni mama mstaafu. Tulimwita Amayi, kama huku wanavyomwita kila mama wa heshima. Alikuwa ameongeza jiko jipya ili wanawe na wajukuu wakija Jumapili wote waenee.

Na jiko lenyewe! Katikati kumejengwa meza kubwa isiyogusa ukuta wowote, juu yake jiwe jeusi linalong'aa hata unaona dari ndani yake. Kwa Kiingereza wanaiita kitchen island. Mwishoni mwa meza upande mmoja kuna sinki, upande wa pili pametulia kama uwanja wa mpira siku ya kazi. Sisi jiko letu ni mbabula ya mkaa mlangoni, na upepo ukigeuka unahama na sufuria. Nilisimama mbele ya lile jiwe nikashika daftari langu mfukoni. Niseme ukweli, nilitaka kulia kidogo.

Shemeki yeye alipiga magoti akachungulia chini ya meza.

Amayi alikuwa na ombi moja. "Nataka soketi hapa kwenye meza," alisema, akipiga jiwe kwa kiganja. "Birika, blenda, sufuria ya kukaangia. Sitaki waya unaotoka ukutani kunivukia njia. Wajukuu wangu wanakimbia humu."

Bahati akaitikia, akaeleza atakavyofanya. Soketi ya meza ipewe waya wake peke yake kutoka kwenye boksi la umeme, maana birika na sufuria ya kukaangia ni vitu vyenye kiu. Waya upite ndani ya bomba chini ya sakafu. Waya wa ardhi usikosekane. Na kwenye boksi ataweka kile kifaa kinachokata umeme chenyewe mara kinapohisi unavuja. Yeye anakiita disjoncteur, kwa Kifaransa, kama alivyofundishwa.

Kuhusu waya wa ardhi shemeki ana mahubiri yake. Kwetu Bukavu plagi nyingi zina miguu miwili ya duara. Huku Malawi zina mitatu, bapa. Kila akiishika plagi ya huku anagusa ule mguu mrefu, wa waya wa ardhi, na kusema kwa Kiswahili cha kwetu, "Hii ya tatu njo malaika mulinzi. Bantu banaikata juu haiingie. Banakata malaika."

Basi swali likabaki moja: soketi ikae wapi?

Shemeki akaniambia nisome mtandaoni wenzetu wanafanyaje. Nikasoma, wakuu. Kuna kurasa zimeandikwa kama hukumu ya mahakama: kwenye meza ya namna hii soketi isilale ikitazama dari, isikae chini ya ukingo mahali waya utaning'inia, isikaribie sinki. Nilizipitia kama mtu anavyopitia majina ya waliohudhuria kikao.

Halafu nikafika kwenye picha.

Mfuniko wa shaba. Duara. Umelala sakafuni, bapa na vigae, unang'aa kama sarafu chini ya maji matulivu. Unaubonyeza, unafunguka, na ndani kuna soketi inakungoja.

Chini ya picha kulikuwa na maneno madogo. Sikuyasoma. Niliyasoma baadaye sana, yalisema kitu hicho ni cha kumbi za mikutano, mahali pakavu.

Nikamwonyesha shemeki. Kosa langu la pili ni kwamba nilimwonyesha Amayi akiwa amesimama hapo hapo.

"Eee!" Amayi akashika shavu. "Kama hoteli!"

Shemeki akatazama picha. Akanitazama mimi. Akasema taratibu, "Shemeki, chini njo kwenye maji inalala."

"Maji gani?" nikamwuliza. "Hii ni nyumba ya mjini. Vigae. Watu wa mjini wanapitisha kitambaa chenye unyevunyevu, basi. Nani atamwaga maji humu?"

Akafungua mdomo. Akaufunga.

Hapa nisimame kidogo niwaeleze wasio wa kwetu. Katika malezi ya shemeki, mwanaume hamkatalii ndugu wa bibi yake, yaani wa mkewe, mbele ya watu. Nyumbani, mlango ukifungwa, anaweza kumkatalia mpaka akome. Lakini mbele ya mgeni, ndugu wa bibi ni kama kiti cha heshima, hakisukumwi. Na mimi nililijua hilo. Sitasema nilitumia nafasi. Ninasema tu nililijua.

Akasema, "Sawa." Kisha akaongeza, bila kunitazama, "Lakini mbele ya kukabidhi, dada yako atakuja kupika humu."

Hiyo ndiyo desturi yake ya kazi, aliitoa kwa mwalimu wake wa ufundi. Kazi ya jikoni fundi haikabidhi kabla mtu anayepika kila siku hajapika pale chakula kizima. Si kujaribu taa inawaka au haiwaki. Kupika.

Mimi nikaona wema tu. Nikasema, dada atafurahi kuliona jiko.

Mfuniko tuliupata kwenye duka moja mjini. Shemeki akakata vigae viwili, akaweka boksi, akafunga soketi chini, akaufunika. Alifanya kwa usafi ambao sijui kuueleza, na mimi ni mtu wa kueleza. Nilipiga picha kumi na moja.

Alhamisi Yaya Nsimire akaja. Wakuu, dada yangu hasafiri na mkoba. Alikuja na unga wa fufu, sombe iliyotwangwa, ndiyo kisamvu, ndoo, na raclette, ule mpira mrefu wenye mpini wa kusukumia maji. Pagne moja, yaani kitenge, amevaa, ya pili kaifunga juu kiunoni, fundo mbele. Alikuwa ametoka Dzaleka asubuhi na vyote hivyo, kabaza wa kwanza, mwendesha baiskeli ya abiria, alimkatalia kwa sababu ya mpini.

Akamsalimia Amayi kwa kukunja magoti kidogo. Amayi akamwita achemwali, dada. Wakapendana papo hapo, kama wanawake wawili wanaojua bei ya nyanya.

Yaya akalizunguka jiko. Akagusa jiwe. Akauona mfuniko. "Hii nini?"

"Soketi," nikasema, kifua mbele. Nikambonyezea, ukafunguka.

Akainama akachungulia. "Mu chini?"

"Ndiyo. Kama hoteli."

Yaya akavua viatu, akajaza ndoo.

Nikamwuliza anafanya nini.

"Naosha."

"Yaya, pamesafishwa."

"Nani alisafisha? Bafundi?" Akacheka kwa pua. "Mi naweza kupika mu jiko yenye haijaoshwa? Mama alitufundisha vile?"

Na hapo, wakuu, nikakumbuka. Nikakumbuka miaka yote ya utoto wangu Bukavu, kila Jumamosi, tukipandishwa juu ya viti pamoja na redio na magodoro, na mama akimwaga maji ndani ya nyumba, ndoo baada ya ndoo, akiyasukuma kwa raclette mpaka nje, na sisi tukishangilia mto mdogo unaopita chini yetu. Hakuna mwanamke wa kwetu anayepitisha kitambaa chenye unyevunyevu. Kitambaa ni cha wagonjwa. Nyumba inaoshwa.

Nilikumbuka yote hayo vizuri sana, pamoja na mwanga juu ya maji, wakati ndoo tayari imeinama.

Ya kwanza ilitandaa. Ya pili aliirusha chini ya meza, kule kunakojificha makombo.

Tukasikia tak.

Jokofu likanyamaza. Taa ya juu ya sinki ikazima. Ilikuwa mchana, lakini nilihisi giza.

"Usiguse!" shemeki akapaza sauti. Sijawahi kumsikia akipaza sauti. "Nsimire, usiguse kintu! Baki pale!"

Yaya akabaki katikati ya maji, miguu mitupu, raclette mkononi, kama askari aliyesahauliwa lindoni. Shemeki akatoka mbio mpaka kwenye boksi. Disjoncteur ilikuwa imeshakata. Juu ya hapo akazima swichi kubwa ya nyumba nzima, akarudi na kipimo chake, akapiga magoti, akapima. Kisha akaufungua mfuniko wangu.

Ulikuwa umejaa mpaka ukingoni. Kipande cha jani la sombe kilikuwa kinaelea.

Yaya akasogea, akatazama. Akanitazama mimi. "We muandishi," akasema, "prizi unaiweka mu mtaro?"

Prizi kwetu ndiyo soketi.

"Hii ni kisima. Tuite bamama ba choir bakuje kuchota."

Amayi alikuwa mlangoni. Uso wake haukuwa na hasira, ulikuwa na kitu kibaya zaidi: ulikuwa unahesabu wajukuu. "Na kama hakingekata?" akauliza.

Shemeki alikuwa anakausha kwa kitambaa, polepole, kichwa chini. Kesho yake ilikuwa Ijumaa.

Nataka niwe mkweli hapa, maana nilisema kisa hiki sikukitunga. Sikuwaza umeme wakati ule. Niliwaza ile diploma iliyopasuka katikati ya jina.

Amayi ndiye aliyeanza. "Basi ipandishwe," akasema. "Tuiweke ubavuni mwa meza, hapa chini ya jiwe, karibu na goti. Sakafu haiifikii. Kwa binamu yangu iko hivyo."

Shemeki akasimama, akafikiri. Mimi, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, sikuwa na maoni.

Yaya akasema, "Ngoja."

Akachukua birika, akalijaza maji ya baridi, akaliweka juu ya jiwe karibu na ukingo. Waya akauachia uning'inie ubavuni, na plagi akanipa mimi. "Ushike apo kwenye prizi itakuwa. Usiachie."

Nikachuchumaa, plagi mkononi, nikiwa soketi. Nadhani ndiyo kazi niliyoifanya vizuri kuliko zote juma lile.

Yaya akaanza kupika bila chakula. Akaenda kwenye sinki, akarudi, akageuka, akainama kuchukua sufuria isiyokuwepo, akazunguka kona ya meza kama anavyoizunguka mbabula yetu. Mara ya tatu lile fundo la pagne likaunasa waya. Hakuhisi hata kidogo, alikuwa anakwenda zake.

Birika likaja chini. Maji yakanimwagikia kichwani, shingoni, yakaingia ndani ya shati.

Amayi akapiga ukelele, kisha akaanza kucheka, akashindwa kujizuia, akashika meza. Shemeki alijitahidi kwa heshima, akageukia ukuta, lakini mabega yake niliyaona.

Yaya hakucheka. Akaja, akanikunja mkono wa shati wa kushoto mpaka juu ya kiwiko, akamwonyesha Amayi.

Nina kovu hapo, wakuu. Pana, laini, lina umbo la jani. Nililipata nikiwa na miaka miwili. Bukavu watu wengi wanapikia réchaud, lile jiko dogo la umeme la kuweka mezani, na waya wake ulikuwa unaning'inia. Mimi nikauvuta, nikitaka kuona kilichoko upande wa pili. Aliyekuwa ameachiwa kunitazama ni Yaya. Alikuwa na miaka kumi.

Miaka yote hajawahi kulizungumzia. Hata siku hiyo hakulizungumzia. Alimwambia Amayi kwa Kichewa chake cha sokoni, "Mwana," na akaweka kiganja hewani kuonyesha urefu: hapa. Juu ya goti kidogo. Pale pale nilipokuwa nimeshika plagi.

Amayi akaacha kucheka. Akasema, "Pepani," ndiyo pole ya huku. Kisha akasema, "Si ubavuni."

Shemeki sasa akachukua penseli. Mbele ya watu wote, akaniuliza, "Shemeki, unaruhusu niseme?"

Nilitaka ardhi inimeze, lakini sakafu ilikuwa imelowa.

Akasema soketi ikae juu ya jiwe, lakini isilale. Kwenye ule mwisho wa meza ulio mbali na sinki, ajenge kiukuta kidogo cha urefu wa shibiri moja, na soketi ikae usoni mwa hicho kiukuta, imesimama wima, inawatazama wapishi. Maji yakimwagika mezani yanapita chini yake. Waya wa birika unabaki juu ya jiwe, mfupi, hauning'inii popote. Waya wa umeme upande ndani ya tumbo la meza, pasipoonekana.

Haikuwa nzuri kama mfuniko wa shaba. Ilikuwa kama sikio. Lakini niliitazama kwenye mchoro wake nikaona kwamba hakuna kitu pale ambacho hakina kazi.

Tulifanya kazi Alhamisi yote iliyobaki. Bahati aliung'oa mfuniko, akatoa waya uliolowa akaweka mwingine. Bomba likakaushwa. Kipande cha jiwe jeusi kilikuwa kimebaki gereji, kikatosha kuvalisha kiukuta. Mimi nilibeba, nilishika, nilifagia. Vigae viwili vikarudishwa.

Ijumaa asubuhi Yaya akaosha tena. Ndoo nne, kwa makusudi. Hakuna kilichokata. Kisha akapika: birika likachemka, blenda ikasaga pilipili, sombe ikaiva. Amayi alisonga nsima, ugali wa mahindi wa huku, Yaya akasonga fufu ya muhogo, wakabishana ipi ni mama wa mwenzie. Hawajamaliza mpaka leo.

Bambo Gomani akaingia na vipimo vyake. Hakusalimia chakula. Akafungua boksi, akafungua soketi, akapima waya wa ardhi, akabonyeza kitufe cha majaribio cha disjoncteur, tak, akakirudisha, akabonyeza tena. Akanyanyua kichwa mara moja tu kuitazama ile soketi kama sikio, akatikisa kichwa kukubali.

Mimi nikaanza kupumua.

Halafu akatazama chini. Saruji kati ya vile vigae viwili ilikuwa bado nyeusi kwa unyevu.

"Hapa palikuwa na nini?"

Sombe ilikuwa inatokota.

Shemeki akasonga mbele hatua moja. "Fundi ni mimi," akasema. "Kosa ni ya..."

Naye angelimeza, wakuu. Angelimeza zima, mbele ya yule mtu, kwa sababu mimi ni ndugu wa bibi yake, na baada ya hapo angerudi kwenye redio bila kunikumbusha hata siku moja.

"Ni langu," nikasema. "Palikuwa na soketi, chini ya mfuniko wa shaba. Nilitaka ipendeze. Yeye alisema maji yanalala chini, mimi nikabisha, akaniheshimu. Hii ya juu ni yake."

Bambo Gomani akanigeukia. "Wewe ni nani?"

"Mtunzi wa riwaya."

Akaitazama ngazi niliyokuwa nimeiegemea. "Nilidhani mbeba ngazi."

"Na hiyo pia."

"Mlijuaje ina kasoro?"

Hapo Amayi akashindwa kungoja. Akasimulia yeye, na ndoo mkononi, na miguu, na mimi nikiwa soketi, na birika. Alisimulia vizuri kuliko ninavyosimulia mimi hapa. Bambo Gomani hakucheka mpaka kwenye jani la sombe lililoelea. Pale alivua miwani akafuta macho.

Kisha akasema neno ambalo nimeliandika kwenye daftari bila kulipamba: "Wengi wakifunika shimo hawasemi lilikuwa na nini. Mimi ndiye ninayekuja kufungua sakafu zao baadaye."

Akatia sahihi. Akamwambia Bahati, "Jumatatu, Kanengo. Kila jiko tukilimaliza, kabla sijapima mimi, aje mama huyu na ndoo yake. Na ujira wake upo."

Yaya alipofasiriwa, akauliza, "Na raclette?" Akaambiwa na raclette.

"Na huyu?" Amayi akauliza, akinionyesha kwa mwiko.

Bambo Gomani akafikiri. "Abebe ngazi. Ila asimwonyeshe mtu picha."

Tukala. Tukaaga, zikomo nyingi, ndizo asante za huku. Tukarudi Dzaleka kabla jua halijazama. Yaya akawasha mbabula mlangoni. Shemeki akaingia ndani, akaingojea miguu yangu ivuke kizingiti, akaufunga mlango. Akakaa kwenye kiti, akaweka mikono juu ya magoti.

"Shemeki," akasema kwa upole mkubwa. "Sasa tuko nyumbani."

Wakuu, alinikatalia. Alinikatalia ule mfuniko, akanikatalia picha, akanikatalia "nani atamwaga maji humu", akarudi nyuma akanikatalia na mambo ya mwaka juzi niliyokwisha kuyasahau. Kupitia mlango nilimsikia dada yangu akicheka peke yake kwenye moshi. Shemeki alipomaliza, akaniletea kiti nami nikae.

Mfuniko wa shaba ninao mimi. Uko juu ya meza ninayoandikia. Jumamosi nauchukua kwenye kundi letu, na mtu akisoma sentensi inayong'aa lakini haina kazi, mwenzake anaugonga kwa kalamu. Unagongwa sana zamu yangu.

Nilichojifunza ni hiki. Kabla hujauliza soketi itapendeza wapi, uliza maji ya nyumba hiyo yanapita wapi, nguo za wapishi zinanasa wapi, na mkono wa mtoto unafika wapi. Kaa mbali na sinki. Usiache waya uning'inie. Usimkate malaika mlinzi. Kazi afanye anayeijua na apime mwenye leseni, lakini kabla yao wote, mlete mwenye ndoo.

Haya, wenye majiko yenye meza ya katikati, soketi zenu ziko upande gani, na nyumba mnaoshaje? Nichekeni kwa nafasi, nimeshazoea. Na kama humu kuna shemeki yeyote anayenyamaza kwa heshima wakati ndugu wa bibi yake anaonyesha picha, mlango huu umefungwa, tuko nyumbani. Aseme.